Lenzi ya Mtumba Mombasa: Lipi la Kuombea Punguzo, Lipi la Kuikimbia

Lenzi iliyokwishatumika ina hali mbili, na hali hizo hazifuatani. Kuna sura: rangi ya ganda, mpira wa kuzungushia, maandishi, mikwaruzo. Kuna na kazi: vioo, apecha (tundu la ndani linalopanuka na kupungua kupitisha mwanga), mota ya fokasi (inayosogeza vioo mpaka picha iwe kali), na namna vioo vilivyokaa sawa ndani ya ganda. Muuzaji hupanga bei kwa sura, kwa sababu sura ndiyo inayoonekana kwenye picha ya tangazo. Mpiga picha hula kwa kazi. Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na katika biashara hii ya lenzi za mtumba methali hiyo inatufaa sana sisi watu wa Mombasa.

Nawataja watu wa Mombasa kwa makusudi. Hapa kwetu unyevu wa hewa hupita asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka, joto halishuki sana hata msimu wa Kusi, na upepo wa bahari hubeba chumvi. Hali hiyo inageuza hesabu. Lenzi ya mpiga picha wa harusi anayefanya kazi kila wikendi itakuwa imechubuka, mpira umelegea, rangi imetoka pembeni, lakini imekuwa ikitoka nje na kupata mwanga na hewa. Lenzi ambayo mwenyewe aliionea huruma, akaifungia kabatini ndani ya mfuko wake wa ngozi miaka na miaka, itakuja na boksi lake na karatasi zake, ganda linang'aa, na ndani kuvu imetanda. Giza, unyevu na hewa iliyosimama ndivyo vitu kuvu inavyovitaka. Mwongozo huu basi unafuata dalili: unachokiona, kinachokisababisha, na uamuzi wangu.

Kabla ya kukutana na muuzaji

Beba kamera yako mwenyewe, betri iliyojaa, kadi yenye nafasi, kitambaa laini cha kufutia vioo na simu yenye tochi. Kutana mchana, mahali pa watu. Kama unaweza kuchagua, chagua mahali penye kuona mbali. Ukiwa Mji wa Kale upande wa bandari ya zamani, ng'ambo ya maji ni Nyali yenye majengo marefu na madirisha mengi, na hicho ni kipimo kizuri kuliko ukuta wa duka. Kivukoni Likoni na kwenye geti za bandari usielekeze kamera. Utaharibu siku yako kwa jambo lisilohusiana na lenzi.

Jambo moja huwapoteza wengi. Ukitoa lenzi kwenye duka lenye eisi ukaileta barabarani saa saba mchana, kioo kitajaa mvuke papo hapo. Huo si ugonjwa wa lenzi. Iache nje kifuniko kikiwa wazi dakika kumi hadi ishirini. Mvuke wa juu ya kioo utaondoka wenyewe. Ukibaki utando baada ya hapo, ndipo uanze kuuliza maswali.

Dalili: ganda limechubuka, rangi imetoka, maandishi yamefutika

Sababu ni matumizi. Mkanda wa begi, meza, vidole vyenye jasho. Mpira wa kuzungushia ukigeuka mweupe au ukilegea, ni mpira tu umezeeka. Hakuna hata kimoja kinachoingia kwenye picha. Omba punguzo, ununue.

Ila tofautisha mchubuko na bonyeo. Mchubuko ni msuguano. Bonyeo ni pigo. Ukingo wa mbele, pale filta inapofungwa, ukiwa umebonyea hata kidogo, lenzi hiyo imeanguka, na pigo lililokunja chuma limepita pia kwenye vioo vya ndani. Jaribu kufunga filta. Ikikubali au isikubali, usilipe kabla ya kufanya jaribio la pembe nne nitakaloeleza mbele.

Angalia pia skrubu za kitako, yaani sehemu inayofungwa kwenye kamera. Vichwa vya skrubu vikiwa vimeliwa na bisibisi, mtu ameifungua lenzi hiyo. Pengine alikuwa fundi anayeijua kazi, pengine sivyo. Uliza ilifunguliwa kwa nini, na usikilize kama jibu linaeleweka. Kutu kwenye skrubu, au unga mweupe kwenye chuma cha kitako, ni chumvi. Lenzi ya namna hiyo imekaa sana ufuoni, huenda imemwagikiwa maji ya bahari, na chumvi iliyofika kwenye skrubu za nje ina njia ya kufika kwenye waya wa ndani. Hapa sura inakueleza jambo la kweli kuhusu kazi, na mimi huichukulia kwa uzito kuliko mikwaruzo kumi ya ganda.

Kitako cha plastiki chenyewe si kasoro. Canon EF 50mm f/1.8 II, iliyotoka mwaka 1990, ilizaliwa na kitako cha plastiki na imewalisha wapiga picha wengi. Angalia tu meno ya kitako hayajavunjika na lenzi haichezi ukiifunga.

Dalili: kioo cha mbele kina mikwaruzo

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kwa woga, na hapa ndipo mnunuzi mwenye akili hupata lenzi nzuri kwa bei ndogo.

Kila nukta unayoipiga picha hutuma mwanga kwenye kioo chote cha mbele kwa wakati mmoja. Mkwaruzo haukai kwenye picha kama mstari. Unachofanya ni kuzuia au kutawanya sehemu ndogo ya mwanga wa kila nukta. Tufanye hesabu. Namba ya f ikiwa ndogo, apecha iko wazi zaidi; ikiwa kubwa, imefungwa zaidi. Lenzi ya 50mm ikiwa f/1.8, tundu la mwanga lina upana wa karibu milimita 28, na eneo lake ni takriban milimita za mraba 600. Mkwaruzo wenye urefu wa milimita 5 na upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita una eneo la nusu milimita ya mraba. Hiyo haifiki sehemu moja katika elfu. Bibi harusi hatauona, wala wewe hutauona ukikuza picha mpaka mwisho.

Sasa funga apecha mpaka f/16. Tundu linabaki na upana wa milimita 3 hivi, eneo kama milimita za mraba 8, na mkwaruzo ule ukipita katikati unachukua kama sehemu nne katika mia. Bado si msiba, lakini umeanza kuwa na sauti. Ndiyo sababu jaribio lake ni hili: piga picha ya mbingu au ukuta mweupe kwa f/16, kisha uipige tena apecha ikiwa wazi kabisa. Ukiona doa au kivuli hafifu kwa f/16 tu, umekijua kipimo cha tatizo. Vumbi la kwenye sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea picha, nalo huonekana kwa f/16, kwa hiyo rudia kwa lenzi nyingine. Doa likibaki palepale, kosa ni la kamera.

Kitu ambacho mikwaruzo huleta kweli ni mwanga kutawanyika unapopiga kuelekea jua au taa. Picha inapauka, weusi unakuwa kijivu, na viduara vya mwanga vinatokea. Kwa mtu anayepiga harusi za ukumbini jambo hili ni dogo, ingawa taa za jukwaani zitamsumbua kidogo. Kwa mtu ambaye kazi yake ni maharusi ufuoni alfajiri, ni tofauti kabisa: pwani yetu inatazama mashariki, jua linachomoza baharini, na picha inayotakiwa ni ile yenye jua nyuma ya watu. Huyo asinunue kioo kilichokwaruzika. Jaribu mwenyewe: simama jua likiwa nje kidogo ya ukingo wa picha, piga, kisha ulikinge kwa mkono wako na upige tena. Tofauti ikiwa ndogo, chukua lenzi na umshukuru muuzaji kwa punguzo. Muda wote huo tazama kwa skrini. Usiliangalie jua kupitia kitundu cha kutazamia.

Yote haya ni ya kioo cha mbele. Kioo cha nyuma, kile kinachoelekea sensa, kina sheria nyingine. Mwanga ukifika pale umekwisha kukusanywa kuwa mwembamba na uko karibu na sensa, kwa hiyo mkwaruzo mdogo unazuia sehemu kubwa zaidi ya kila nukta. Mkwaruzo mzito wa nyuma, au alama ya kidole iliyokaa mpaka ikala rangi ya kinga ya kioo, ni sababu ya kuondoka. Nimeona wanunuzi wanaokagua mbele kwa dakika kumi na hawageuzi lenzi hata mara moja.

Dalili: vumbi ndani

Lenzi ya zumu, yaani inayovuta picha karibu na kuirudisha mbali, huvuta na kutoa hewa kila ukiizungusha, na hewa huingia na vumbi. Ya miaka mitano bila chembe hata moja ni nadra. Halina athari kwenye picha. Nunua.

Ukimulika kwa tochi ya simu, lenzi yoyote itaonekana chafu, hata mpya. Usiogope nukta zilizotawanyika. Tafuta umbo: nyuzi, utando, upinde wa rangi, tone la mafuta.

Dalili: nyuzi kama utando wa buibui, au mizizi midogo inayoanzia ukingoni

Hiyo ni kuvu, na ndiyo sehemu ya mwongozo huu ninayoomba uisome mara mbili.

Kumulika kuna utaratibu wake. Toa vifuniko vyote viwili na ufungue apecha kabisa. Lenzi nyingi za Canon EF hukaa wazi zikiwa nje ya kamera. Lenzi za Nikon F zenye kijiti cha chuma nyuma hujifunga. Sukuma kijiti kile kwa kidole taratibu ukiishike hapo. Mulika kutoka nyuma kwa pembe, si moja kwa moja, huku ukitazama kutoka mbele, halafu ugeuze. Zungusha lenzi polepole. Kuvu hujitokeza kwa pembe fulani tu na kupotea kwa nyingine. Anza kutazama ukingoni, maana mara nyingi ndiko inakoanzia.

Utasoma ushauri kutoka nchi za baridi kwamba kuvu kidogo ya ukingoni haionekani kwenye picha, kwa hiyo usijali. Nusu ya kwanza ni kweli. Piga picha leo na hutaona kitu. Lakini ushauri huo umeandikwa na mtu ambaye nyumba yake ni kavu kwa miezi mingi ya mwaka. Kuvu ikipata unyevu wa asilimia 60 hadi 70 kwenda juu inaendelea kumea, na sisi tunaishi humo. Ile ya ukingoni mwezi wa Februari inaweza kuwa imefika katikati baada ya masika. Tena kuvu ikila hutoa asidi, na asidi hiyo huchimba rangi ya kinga, kisha kioo chenyewe. Fundi anaweza kuisafisha kuvu. Alama iliyochimbwa haisafishiki.

Jua kali huweza kuua sehemu iliyo hai, lakini alama hubaki na mbegu zake zipo hewani kila mahali, kwa hiyo ikirudi kwenye giza na unyevu itamea tena. Muuzaji akikwambia "iweke juani siku mbili itakwisha", anakueleza sehemu tu ya habari.

Uamuzi wangu: kuvu kwenye uso wa nje wa kioo cha mbele au cha nyuma, mahali ambapo kitambaa kinafika, inaweza kununulika kwa bei ya chini sana, ukikubali kwamba pengine kuna alama chini yake. Kuvu ya ndani, iache. Ya pekee ninayoiruhusu ni lenzi ya zamani ya mkono, unayoifokasi mwenyewe kwa kuizungusha, yenye skrubu zinazofunguka kwa urahisi, na umekwisha kumuuliza fundi bei ya kuisafisha kabla hujamlipa muuzaji. Ukijumlisha bei hizo mbili na bado inalipa, sawa. Mara nyingi hailipi.

Dalili: picha zimepauka, hazina uzito

Hapa kuna sababu kadhaa na zinatatuliwa kwa mpangilio. Toa filta kwanza; filta ya bei rahisi yenye mafuta ya vidole hufanya kazi hiyo peke yake, na wauzaji wengi huiacha juu ya lenzi kama zawadi. Futa kioo cha mbele na cha nyuma. Piga tena ukiwa umekinga jua.

Kama bado, mulika. Utando mweupe ulioenea sawasawa kwenye kioo cha ndani, kama pumzi isiyokauka, ni ukungu. Mara nyingi hutokana na mafuta ya grisi ya ndani yaliyopanda kwa joto na kutua kwenye vioo. Unaharibu picha zaidi kuliko mkwaruzo mkubwa wa mbele, kwa sababu umefunika eneo lote, na hauonekani kabisa mwanga ukiwa mdogo. Lenzi safi ya sura yenye ukungu wa ndani ni mfano kamili wa kulipia kisichofaa.

Ukiona upinde wa rangi au mapovu yanayoingia kutoka ukingoni, gundi inayounganisha vioo viwili imeanza kuachana. Ukarabati wake ni kazi kubwa, kwa lenzi nyingi haustahili gharama. Iache.

Ukiona umanjano kwenye kioo kizima cha lenzi ya miaka ya 1960 au 1970, kama vile Super-Takumar 50mm f/1.4 ya vioo saba, usikimbie. Kioo kimojawapo kina madini ya thoriamu, na rangi hugeuka kwa miaka. Mwanga wa jua hupunguza umanjano huo taratibu. Huo ndio ugonjwa wa lenzi ambao jua la Mombasa hutibu kweli.

Dalili: upande mmoja wa picha ni mkali, mwingine umefifia

Vioo vimehama kutoka kwenye mstari wao, kwa kawaida kwa sababu ya kuanguka. Hakuna tochi itakayokuonyesha, na ganda linaweza kuwa halina alama. Hii ndiyo kasoro inayopita mikononi mwa watu wengi bila kugunduliwa, kwa sababu wengi hujaribu lenzi kwa kupiga uso wa muuzaji katikati ya picha.

Jaribio la pembe nne: chagua kitu cha mbali sana, kama ghorofa za ng'ambo nilizotaja. Apecha iwe wazi kabisa, kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga) iwe kubwa ili mtikisiko wa mkono usiingie kwenye hesabu. Weka jengo katikati, fokasi, kisha uzime otofokasi, yaani fokasi ya kamera yenyewe, ili isibadilike. Piga picha nne, jengo lilelile likiwa kila pembe kwa zamu. Kuza kwenye skrini na ulinganishe. Pembe zote nne zikififia kwa kiasi kimoja, hiyo ni tabia ya lenzi ikiwa wazi. Moja ikiwa mbaya kuliko nyenzake, una mashaka ya haki. Geuza kamera juu chini, urudie. Ufifu ukibaki kwenye pembe ileile ya fremu, lenzi ina kosa. Ukihama pembe, pengine ulisogea wakati wa kupiga.

Kwa zumu rudia mwanzo na mwisho wa zumu, kwani inaweza kuwa nzuri huku na mbaya kule. Ikishindwa jaribio hili, hata ikiwa imetoka boksini leo, usiichukue. Kuipanga upya kunahitaji vifaa ambavyo fundi wa kawaida hana.

Dalili: fokasi haishiki, au inashika mahali pengine

Usianze kwa kuilaumu lenzi. Kwanza kitufe cha pembeni kiwe kwenye otofokasi, si kwenye mkono. Kisha uliza kama lenzi na kamera zinaelewana. Nikon 50mm f/1.8D ni lenzi nzuri na ya bei nafuu, lakini haina mota ndani. Ukiifunga kwenye D3200, D3500 au D5300, kamera zisizo na mota ya kuisukuma, itakaa kimya milele. Hiyo si lenzi mbovu. Ni mume na mke wasiozungumza lugha moja. Ikifungwa kwenye D7000 inafanya kazi. Kwenye kamera za Nikon Z kwa adapta ya FTZ, kiungo cha kufungia lenzi za Nikon F, otofokasi ya lenzi za namna hiyo haipo. Upande wa Canon, lenzi zote za EF zina mota ndani, ila za EF-S hazifungiki kwenye kamera za sensa kubwa kama 5D au 6D.

Kama mota inazunguka lakini picha hazikai sawa, linganisha njia mbili. Piga ukitumia kitundu cha kutazamia, kisha upige kitu kilekile ukitumia skrini. Skrini ikitoa picha kali na kitundu kikitoa iliyofifia, vioo ni vizima. Kamera na lenzi tu hazijasawazishwa. Kamera kama Canon 5D Mark II au Nikon D7000 zina marekebisho yake kwenye menyu. Hiyo ni nafasi ya punguzo, kwa sababu muuzaji mwenyewe huenda anaamini lenzi yake imekufa. Zote mbili zikififia, rudi kwenye ukungu na pembe nne.

Dalili: picha zinazidi kuwa na mwanga ukifunga apecha, au kamera inaandika kosa

Piga ukuta uleule kuanzia apecha wazi hadi f/16, kamera ikichagua kasi ya shata yenyewe. Picha zote zinapaswa kuwa na mwangaza unaokaribiana. Zile za f/8 na f/16 zikitoka nyeupe kupita kiasi, vibati vya apecha havifungi kwa wakati. Mulika ndani uone kama vina mng'ao wa mafuta. Joto hulegeza grisi ya fokasi ikatiririka mpaka kwenye vibati, na kwenye kamera za kioo (DSLR), ambapo vibati hufunga ghafla wakati wa kupiga tu, ucheleweshaji mdogo unatosha kuharibu picha. Kwenye lenzi za Nikon sukuma kile kijiti cha nyuma na ukiachie: vibati virudi mara moja. Vikirudi kwa uvivu, umepata jibu. Lenzi ya mkono mtupu ya zamani, kama Helios 44-2, ambayo unafunga apecha mwenyewe kwa pete, haidhuriki na mafuta hayo kwa kiasi hicho.

Kamera ikiandika Err 01, toa lenzi na ufute pini za dhahabu za nyuma kwa kitambaa kikavu na safi. Chumvi na jasho la mikono vinatosha kuleta ujumbe huo, na mara nyingine suluhisho ni hilo tu. Lakini kama apecha ikiwa wazi inapiga vizuri na kosa linatokea ukiifunga, waya bapa wa apecha unakatika. Hitilafu hiyo inajulikana sana kwenye Canon EF 24-105mm f/4L IS ya mwaka 2005, lenzi inayopendwa na wapiga harusi. Inatengenezeka, kwa hiyo bei yake iwe ni bei ya lenzi ukitoa gharama ya fundi, si ya lenzi nzima.

Dalili: inakwaruza ukizungusha

Mchanga. Zungusha polepole karibu na sikio, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ugumu wa kadiri unaofanana kote ni grisi nzito, haudhuru. Mkwaruzo wa punjepunje ni mchanga wa ufuoni, na unaendelea kusaga kila unapozungusha. Zumu inayoteremka yenyewe ukiielekeza chini ni uchakavu tu. Kama ina kitulizi cha mtikisiko, kiwashe, bonyeza shata nusu, utazame kama picha inatulia au inaruka. Ikiruka, iache.

Namna ya kupima bei

Muuzaji mtu mzima atakwambia, "Mwanangu, hii ni safi, haina hata mkwaruzo." Jibu la adabu lipo: "Nimeona ami, imetunzwa. Naomba nimulike ndani kidogo." Anayeuza kitu cha haki hatakuzuia. Anayesema hakuna haja, amekwisha kukujibu.

Sura ina thamani yake ya kweli mahali pamoja: ukitaka kuiuza tena. Anayenunua ili aitumie mwaka mmoja kisha aiuze ana haki ya kulipia ganda zuri. Anayenunua lenzi ya kufia nayo kazini alipe vioo. Kati ya lenzi mbili za aina moja, moja ina boksi na nyingine imechubuka, na zote zimepita majaribio haya, mimi nachukua iliyochubuka, na pesa iliyobaki nanunulia sanduku la kuhifadhia.

Kubalianeni kabla ya kutuma pesa kwamba utairudisha ndani ya siku chache ukikuta kasoro, na muandikiane kwa ujumbe wa simu, maana maneno ya mdomo husahaulika pesa ikishatumika. Ikifika nyumbani usiiweke kabatini wala kwenye mfuko wa ngozi. Sanduku la plastiki linalobana, pakiti za silika zinazobadilishwa au kukaushwa mara kwa mara, na kipimo kidogo cha unyevu ndani yake. Sindano ikae kati ya asilimia 40 na 50. Ikivuka 60, kausha silika siku hiyohiyo.